Protini na unyonyokaji wa nywele baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Unyonyokaji wa nywele baada ya upasuaji wa kupunguza uzito ni hali ya nywele za kichwani kutoka kwa wingi, pamoja na mizizi yake, miezi michache baada ya mtu mwenye unene uliokithiri kufanyiwa upasuaji wa tumbo ili apungue. Kwa kawaida huanza kati ya mwezi wa tatu na wa nne, huendelea kwa miezi kadhaa, kisha hukoma na nywele huota upya. Uchambuzi wa tafiti 18 uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa (karibu asilimia 57) huipata, na wanawake vijana ndio walio wengi zaidi.

Hali hii ina sura mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Ya kwanza ni itikio la mwili kwa upasuaji wenyewe na kwa uzito kushuka ghafla. Hiyo haizuiliki kwa urahisi, lakini hupita. Ya pili ni upungufu wa lishe, hasa wa protini, madini ya chuma na zinki. Hiyo haipiti yenyewe, na nywele zinaweza kuwa dalili ya kwanza kuonekana ya tatizo kubwa zaidi mwilini.

Makala hii inaeleza sura zote mbili na kutaja vyakula vinavyopatikana magharibi mwa Tanzania, hasa mkoani Tabora. Mkazi wa Tabora aliyepasuliwa Dar es Salaam hurudi nyumbani umbali wa zaidi ya kilomita 800. Nywele zinapoanza kutoka, daktari na mtaalamu wa lishe waliomhudumia wako mbali, na walio karibu ni jirani, msusi na muuza dawa.

Upasuaji wenyewe

Unene umeongezeka Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza mwishoni mwa mwaka 2022 kuwawekea watu puto tumboni ili washibe haraka, na baadaye ikaingia pia kwenye upasuaji wa kupunguza uzito. Kabla ya hapo wenye uwezo walikwenda Nairobi au India, na wengine bado wanakwenda huko.

Puto si upasuaji: huingizwa kwa njia ya mdomo na kutolewa baada ya miezi kadhaa. Hata hivyo mtu aliyewekewa puto akipungua haraka huku akila kidogo mno, nywele zake zinaweza kutoka vilevile.

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani ni wa aina mbili. Katika aina ya kwanza sehemu kubwa ya tumbo, karibu robo tatu au zaidi, hukatwa na kuondolewa, na kinachobaki ni mrija mwembamba unaobeba mililita 100 hadi 150, yaani chini ya kikombe cha chai. Katika aina ya pili daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ukubwa wa mililita 30 hivi (vijiko viwili vya chakula), na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Chakula hupita kando ya tumbo lililobaki na kando ya mwanzo wa utumbo. Aina hii ya pili hupunguza pia ufyonzaji wa madini ya chuma, kalisi na vitamini B12, kwa hiyo hatari ya upungufu ni kubwa zaidi.

Kwa aina zote mbili hesabu ni ileile. Tumbo lililokuwa likipokea lita moja au zaidi kwa mlo mmoja sasa linapokea vijiko vichache, lakini mahitaji ya mwili ya protini hayakupungua kwa kiwango hicho. Kila kijiko kinachojazwa wanga ni kijiko ambacho protini imekosa nafasi.

Jinsi unywele unavyoota na kutoka

Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele huota ndani ya kifuko chake kwenye ngozi na hupitia awamu tatu. Awamu ya kukua huchukua miaka miwili hadi saba. Ya pili ni fupi, wiki mbili au tatu, ambapo unywele huacha kulishwa. Awamu ya tatu ni ya kupumzika na huchukua takriban miezi mitatu. Unywele umeshakufa lakini bado umeshikwa na kifuko. Mwisho wake unywele hutoka na mwingine huanza kuota mahali palepale. Wakati wote nywele 85 hadi 90 katika kila 100 ziko katika awamu ya kukua, na ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida lisiloonekana.

Mwili unapopata pigo, kama vile upasuaji mkubwa, homa kali, kujifungua au njaa, vifuko vingi huacha kazi kwa pamoja na kuingia katika mapumziko. Chembe zinazotengeneza unywele ni miongoni mwa chembe zinazogawanyika kwa kasi kubwa mwilini, kwa hiyo hutumia malighafi nyingi, na unywele si kiungo ambacho maisha yanakitegemea. Mwili ukibana matumizi huanza hapo. Nywele zilizopumzishwa siku ya upasuaji hazitoki siku hiyo. Hutoka baada ya miezi mitatu, zote kwa mkupuo.

Ucheleweshaji huo ndio unaowachanganya watu. Kidonda kimepona, nguo zimeanza kupwaya, mgonjwa ana furaha, ndipo kitana kinapoanza kujaa nywele. Hutafuta sababu katika wiki hiyohiyo: sabuni mpya, maji ya kisima, mkono wa msusi. Sababu iko miezi mitatu nyuma. Kina mama wengi wamewahi kuliona jambo hili bila kulitaja kwa jina, kwa kuwa nywele hutoka vivyo hivyo miezi mitatu au minne baada ya kujifungua, na pia baada ya homa ya matumbo au malaria kali.

Kwa kuwa kifuko hakikufa, unywele mpya huota. Hukua kwa takriban sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo dalili ya kupona ni vinywele vifupi vinavyosimama kwenye paji la uso na kando ya masikio. Kichwa hurudia ujazo wake kati ya miezi 6 na 12 baada ya nywele kuanza kutoka, ingawa urefu huchukua muda zaidi.

Kunyonyoka na kukatika

Katika mazungumzo ya kila siku watu husema "nywele zinakatika" kwa mambo mawili tofauti. Unywele ulionyonyoka hutoka mzima, na kwenye ncha ya ndani huwa na kidonge kidogo cheupe. Unywele uliokatika hauna kidonge hicho. Umevunjika katikati kwa sababu ya dawa ya kulainisha, joto la pasi ya nywele au ukavu. Kula mayai hakuponyi nywele zilizochomwa kwa dawa, na kubadilisha mafuta hakuponyi nywele zinazonyonyoka kwa upungufu wa chuma.

Daktari hupima kwa njia rahisi. Hushika fungu la nywele zipatazo 50 hadi 60 kwa vidole na kulivuta taratibu. Zikitoka zaidi ya 5 au 6, unyonyokaji unaendelea. Huangalia pia mtawanyiko wake. Unyonyokaji wa baada ya upasuaji hupunguza nywele kichwa kizima kwa usawa. Upara unaoanzia kwenye paji la uso na kando ya masikio peke yake huletwa mara nyingi na kusuka kwa kubana kwa miaka mingi. Mabaka ya mviringo yenye magamba kwa watoto ni mapunye. Ngozi inayong'aa bila vitundu vya vifuko inaashiria kovu, na huko nywele hazirudi.

Mahali pa protini

Unywele umejengwa karibu wote kwa protini iitwayo keratini. Mwili huitengeneza kwa asidi amino zinazotokana na chakula, na hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Protini ya chakula isipotosha, mwili hubomoa misuli yake ili kupata malighafi ya viungo muhimu zaidi. Mtu anayepungua kilo kumi kwa njia hiyo hapotezi mafuta tu. Anapoteza pia nyama ya mapaja na mikono, na mizani haimwambii tofauti.

Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wengi baada ya upasuaji ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, au gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito unaofaa kwa urefu wa mtu. Zingatia maneno "uzito unaofaa", si uzito alio nao. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 165, ambaye uzito unaomfaa ni kilo 60 hivi, anahitaji gramu 60 hadi 90 hata kama mizani bado inasoma 110.

Katika wiki za mwanzo, anapokunywa vimiminika tu, wengi hawafikii kiwango hicho. Hilo linatarajiwa. Tatizo ni kubaki chini yake mwezi wa pili, wa tatu na wa sita.

Lakini protini haifanyi kila kitu. Mtu anayetimiza gramu zake zote anaweza kunyonyoka nywele mwezi wa nne, kwa sababu pigo la upasuaji lilishapita kwenye vifuko. Protini haimwepushi na unyonyokaji huo. Inahakikisha kwamba vifuko vikiamka vinakuta malighafi. Anayeambiwa "nywele zinatoka kwa sababu huli vizuri" ilhali anakula ipasavyo anaonewa, na wengine hukata tamaa na kurudia ugali wa zamani.

Historia: nywele na lishe Afrika Mashariki

Uhusiano wa nywele na chakula ulichunguzwa Afrika Mashariki muda mrefu kabla ya upasuaji huu kufika. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast (Ghana ya leo), alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa kunyonya na kulishwa mahindi. Mwaka 1935 aliuita kwashiokoo, jina la lugha ya Kiga. Miongoni mwa dalili zake ni miguu kuvimba, ngozi kubabuka, na nywele kuwa nyembamba, nyekundu na rahisi kung'oka.

Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na baadaye Uganda katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1954 yeye na wenzake Davies na Dean walitoa kitabu juu ya ugonjwa huo ambacho kilitumika duniani kote. Dalili moja inayofundishwa hadi leo ni ya "bendera": unywele mmoja wenye mistari ya rangi hafifu na nyeusi kwa kupokezana, kila mstari ukiwa kumbukumbu ya msimu wa njaa au wa shibe.

Kwa miaka mingi kwashiokoo ilielezwa kuwa ni upungufu wa protini tu, na mashirika ya kimataifa yalitumia fedha nyingi kutafuta unga wa protini. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet akipinga mkazo huo: watoto wengi walikosa chakula chote, si protini peke yake. Hoja hiyo inawahusu pia waliopasuliwa. Mtu anayekunywa unga wa protini huku akikosa chuma, zinki na chakula cha kutosha kwa jumla bado ana njaa.

Kwa mtu mzima aliyepasuliwa, nywele kubadilika rangi pamoja na miguu kuvimba si unyonyokaji wa kawaida. Ni dalili za upungufu mkali wa protini na hudai hospitali siku hizohizo.

Vyakula vya protini Tabora na kandokando ya njia ya zamani

Njia ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu na nguo, na kutoka magharibi chumvi ya Uvinza iliuzwa mbali sana na mahali ilipochemshwa. Reli ya kati ilifuata njia hiyo kwa karibu, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Leo mzigo wenye faida zaidi kwa mada hii unaokuja kutoka upande huo ni dagaa.

Dagaa wakavu wa Kigoma wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao. Konzi ndogo ya gramu 20 ina gramu 11 hivi za protini, pamoja na kalisi kwa kuwa huliwa na mifupa, na chuma na zinki pia. Hakuna unga wa kopo unaoshinda chakula hicho kwa bei. Kasoro yake ni mchanga. Waliokaushwa chini huwa na mchanga mwingi, hivyo huoshwa kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu na kuondolewa vichwa. Kwa mtu ambaye tumbo bado ni changa hukaangwa bila mafuta, husagwa kwenye kinu au mashine, na unga wake hutiwa kwenye uji au maharage yaliyopondwa. Samaki wengine wa ziwa hilo, kama migebuka, huliwa wakiwa laini na bila miba.

Yai moja lina gramu 6 na ni laini, kwa hiyo ndilo chakula kigumu cha kwanza kwa wengi. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa au mtindi kina gramu 8 hivi. Tabora ni mkoa wa ng'ombe, na maziwa ya mgando yapo, ila yaliyokorogwa na sukari hayafai. Wengine wakinywa maziwa freshi baada ya upasuaji hujaa gesi na kuhara. Mtindi huwakubali zaidi.

Nyama ya kuku au ng'ombe iliyopikwa ina gramu 25 hivi katika kila gramu 100. Nyama ngumu hukwama, hivyo husagwa au kuchemshwa hadi ichambuke, na kila tonge hutafunwa kwa muda mrefu. Nyama choma ingoje. Supu ni jambo jingine linalohitaji kusemwa wazi kwa sababu watu huiamini mno: maji ya supu ya kongoro yana ladha, chumvi na ute, lakini protini yake ni ndogo na haina asidi amino zote. Mgonjwa anayepewa bakuli la supu huku nyama ikiliwa na wengine hajalishwa.

Maharage, kunde na choroko zilizopikwa zina gramu 8 hivi katika gramu 100. Ni nzuri zikipondwa, ingawa zina wanga pia na hujaza nafasi. Soya kavu ina gramu 36 katika kila 100 na hutumika kama unga, ikikaangwa vizuri kwanza. Karanga, zao la zamani la Unyamwezi, zina gramu 25 katika kila 100. Lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, hivyo kijiko kimoja cha karanga za kusaga kwenye mboga kinatosha. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupwe, kwa kuwa sumukuvu hudhuru ini.

Vyakula vinavyotia moyo bila kutoa protini ya kutosha ni vingi. Ugali uliopikwa una gramu 2 au 3 tu katika kila 100. Matobolwa na michembe ni viazi vitamu, yaani wanga na sukari. Mlenda na nsansa ni mboga nzuri lakini si protini ya siku. "Uji wa lishe" wa nafaka sita au saba zilizosagwa pamoja hubaki uji wa nafaka, kwa sababu kuongeza mtama juu ya mahindi juu ya ulezi hakuongezi protini kwa kiasi cha maana; kuongeza soya, maziwa au dagaa ndiko kunakoongeza. Asali ya Tabora inajulikana nchi nzima, lakini aliyepasuliwa kwa njia ya pili akilamba vijiko viwili anaweza kushikwa na jasho, moyo kwenda mbio na kuhara, kwa kuwa sukari huteremka utumboni kwa ghafla.

Siku ya kawaida ya mtu wa mwezi wa nne inaweza kuwa hivi: mayai mawili asubuhi (gramu 12), kikombe cha maziwa saa nne (8), gramu 60 za kuku mchana (16), kikombe cha mtindi alasiri (8), dagaa gramu 20 jioni (11) na maharage gramu 100 (8). Jumla ni gramu 63, na hakuna kilichonunuliwa duka la dawa. Unga wa protini wa makopo ni msaada kwa asiyeweza kula vigumu, si sharti.

Ugumu mkubwa uko kwenye desturi ya kula kuliko sokoni. Nyumbani kwetu kula ni kula ugali, na mboga ni ya kusindikizia. Mtoto anayemaliza mboga na kuacha ugali hukemewa. Aliyepasuliwa anatakiwa afanye kinyume kabisa: mboga yenye protini kwanza, majani baadaye, ugali mwisho kama nafasi ipo. Kwenye sinia la pamoja hilo huonekana kama ulafi, na pia hapimi alichokula. Ni afadhali apakuliwe sahani yake ndogo na wenyeji waelezwe sababu. Maji hayanywewi pamoja na chakula bali nusu saa baadaye, kwa mafunda madogo siku nzima.

Katika mwezi wa Ramadhani mgonjwa aulize daktari kabla ya kufunga. Miezi ya mwanzo haifai, kwa sababu maji na protini za siku nzima haziwezi kuingia kwenye tumbo dogo kati ya futari na daku.

Madini na vitamini

Uchambuzi wa 2021 uliotajwa juu ulikuta kwamba walionyonyoka nywele walikuwa na viwango vya chini zaidi vya zinki, foliki na feritini, ambayo ni akiba ya madini ya chuma. Kwa hiyo anayehesabu gramu za protini peke yake amefanya nusu ya kazi.

Upungufu wa chuma huwapata hasa wanawake wanaopata hedhi. Kipimo cha wingi wa damu peke yake hakitoshi, kwa kuwa akiba huisha kabla damu haijapungua. Feritini ndiyo inayotakiwa kupimwa. Wanawake hao hupewa miligramu 45 hadi 60 za chuma kwa siku. Vidonge hivyo havimezwi pamoja na vya kalisi, bali kwa kutofautisha saa mbili au zaidi, wala havimezwi na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa. Kwa watu wa chai ya saa nne na saa kumi, ratiba hiyo inahitaji kuandikwa ukutani.

Zinki husaidia ikipungua, lakini ikimezwa kwa wingi bila kupimwa huleta upungufu wa shaba, ambao hudhuru damu na neva. Vitamini A ikizidi nayo hunyonyoa nywele. Vitamini B12 hutumiwa maisha yote, kwa vidonge au sindano. Biotini ndiyo inayouzwa zaidi kama "vitamini ya nywele", na faida yake kwa mtu asiye na upungufu wake, ambao ni nadra, haijathibitishwa. Kuna madhara yasiyojulikana na wengi: biotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya thairoidi na vya moyo. Anayeitumia amweleze mpimaji.

Maneno ya watu

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, na kwa watu wa kanda hizi mwili kukonda pamoja na nywele kunyonyoka bado ni picha inayotisha. Mtu aliyepungua kilo 30 kwa nusu mwaka bila kusema sababu atasengenywa. Wengine husema amerogwa, wengine kwamba upasuaji umeharibika. Wapo wanaoficha kichwa kwa mawigi mazito na misuko ya kubana, na hapo vifuko vilivyokuwa vinapumzika tu huharibiwa kwa kuvutwa. Kukata nywele fupi, au kusuka kwa kulegeza bila kuongeza rasta, hulinda zaidi. Dawa za kulainisha ziachwe hadi vinywele vipya virefuke.

Wakati wa kwenda hospitali

Unyonyokaji ulioanza mwezi wa tatu au wa nne kwa mtu anayekula vizuri, asiyetapika na mwenye nguvu hausumbui sana. Unahitaji kusubiriwa na kupimwa damu kwa ratiba ya kawaida. Ulioanza baada ya miezi sita, au ambao haujakoma baada ya mwaka, huelekeza kwenye upungufu au ugonjwa mwingine kama wa thairoidi, na vipimo hufanywa mapema. Mkoani Tabora pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete au Hospitali ya Nkinga wilayani Igunga. Kipimo kisichopatikana huko hupelekwa Bugando, Mwanza, au Muhimbili. Mgonjwa abebe karatasi ya hospitali iliyompasua yenye aina ya upasuaji, kwa kuwa matibabu hutegemea hilo.

Mwanamke akipata mimba mapema, mahitaji ya mtoto hujumlishwa na ya mwili unaojengwa upya. Ndiyo maana hushauriwa kungoja miezi 12 hadi 18 na kutumia uzazi wa mpango. Njia ya vidonge inaweza isifanye kazi vizuri baada ya upasuaji wa aina ya pili, hivyo sindano, kipandikizi au kitanzi hupendelewa.

Dalili moja haingoji ratiba yoyote. Mtu anayetapika kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kisha akaanza kuyumba anapotembea, kuona viwiliviwili au kuchanganyikiwa, amepungukiwa vitamini B1. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na wahudumu waelezwe kwamba alipasuliwa tumbo, ili apewe sindano ya vitamini hiyo kabla ya dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia inaweza kuuharibu ubongo kwa kudumu.